Panya, Sungura, Kondoo, Halafu Mimi

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Maabara ya Utafiti wa Magoti, pamoja na wote ulio nao humo ndani, wenye miguu miwili na wenye minne,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa jina la Mungu aliyetuunganisha mifupa. Natumaini hamjambo. Wanyama wenu siwaulizi hali, kwa sababu najua hawajambo kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PANYA, NA OMBI LA KUSOGEZWA MBELE

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Nilianza kukanyaga kabla sijaolewa, na sasa nina mjukuu. Sare za shule za mtaa huu, ukiziona zinapita asubuhi, jua kwamba zote zimetoka kwenye magoti yangu. Shule niliacha mapema, nilipoona najua kusoma, kuandika na kupima kiuno cha mtu. Kwa hiyo nikikosea neno nisamehe, na nikikosea hoja nirekebishe, ila kwa upole.

Kwanza nikueleze shida yangu, usije ukadhani ni umbeya. Binti yangu ni mtoto wangu wa pekee, na kupata mtoto kulimsumbua. Alipobeba mimba hii ya mwisho nilisimama kanisani, mbele ya watu wote, nikaweka nadhiri kwa sauti. Nilisema mtoto akitoka salama, nitapiga magoti pale mbele na kushukuru tangu wimbo wa kwanza hadi amina ya mwisho. Mungu hakuchelewa. Mtoto ametoka, wa kike, mnene, analia kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mwisho wa mwezi ujao tunampeleka kanisani. Mungu ametimiza upande wake, na upande wangu umegoma kukunjika.

Usiseme sikujaribu. Nilijaribu Jumapili moja, nipime nguvu kabla ya siku yenyewe. Kushuka nilishuka. Mchungaji akasema amina, watu wakaketi, na mimi nikabaki chini. Wakadhani nimezidiwa na maombi, wakaanza kuimba taratibu. Wimbo ukaisha, nikawa bado niko chini. Wakaanzisha mwingine, wenye beti nyingi zaidi. Wengine walishaanza kulia. Mwishowe mzee wangu, ambaye ndiye peke yake anayejua sura yangu ikiwa na maombi na ikiwa na maumivu, akasimama katikati ya watu na kusema, "Jamani, msiimbe tena, mama amekwama!"

Nikainuliwa na wazee wanne wa kanisa kama kabati linalohamishwa. Jirani yangu mmoja, tunamwita Mama Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, aliitangaza habari hiyo mtaa mzima kabla sijafika nyumbani. Tangu siku ile nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

Mchungaji alikuja kunifariji. Akaniambia, "Mama, Mungu anaangalia moyo." Nikamjibu, "Mchungaji, moyo sikuuahidi. Niliahidi magoti." Akanywa chai, akaondoka.

Sasa ndipo anapoingia mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye ni mtunza wanyama hapo kwako. Tafadhali usimuulize chochote kwa ukali. Ni kijana mwaminifu, na haya yote nimeyapata kwa kumuuliza maswali wakati mdomo wake una chakula. Alinikuta nashuka ngazi ya jikoni kinyumenyume. Akaniambia, "Mama, vumilia. Kule kazini kuna sindano inajaribiwa. Inarudisha ile nyama laini ya katikati ya mifupa ya goti, inaitwa gegedu. Panya waliokuwa wanachechemea, sasa hivi wanakimbia kwenye gurudumu utafikiri wanafukuzwa."

Nikamwambia, "Haleluya! Naja lini?"

Akasema, "Bado, Mama. Panya wamemaliza, na sungura nao wamemaliza. Sasa wameingia kondoo. Kondoo wakivuka salama, ndiyo watu."

Daktari, nilikaa chini. Maana yake nilisimama, kwa sababu kukaa nako ni kazi. Lakini moyoni nilikaa chini. Na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba panya ana magoti. Sikuwa na habari hiyo. Nimeishi na panya miaka yangu yote bila kuwaalika, na sijaona goti. Nilimwomba mkwe anionyeshe ukubwa wake, akanionyesha punje ya mchele. Sasa nauliza, na sina kiburi, goti kama punje ya mchele linabeba nini? Panya hakanyagi cherehani, hapandi ngazi na ndoo, na haendi kanisani, na akienda anafuata mishumaa. Na bado ametangulia yeye.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nasikia panya wengine hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Walikuja wazima, mkawaharibu goti wenyewe kwa utaalamu, ili mpate la kuponya. Daktari, mlijisumbua bure. Mnahangaika kuharibu goti zima, wakati huku mtaani kuna mtu anayo mawili yaliyoharibika tayari, tena kwa gharama zake mwenyewe? Mngetuma mtu tu. Ningekuja.

2. Kwamba panya anasomwa uso. Mkwe ananiambia kuna dada mmoja hapo aliyefundishwa kazi hiyo, na kazi yake ni kumtazama panya usoni. Anatazama kama macho yamefinywa, masikio yamelala, mashavu yamevimba, sharubu zimekaa vipi. Anampa alama. Alama zikizidi, panya anapewa dawa ya maumivu siku hiyohiyo, hata hajaomba.

Mimi uso huu nimeukunja miaka na miaka. Mzee wangu akiuona anauliza, "Nimekukosea nini tena?" Wateja wakiuona wanadhani nguo zao haziko tayari, na kweli huwa haziko tayari, lakini si kwa sababu ya uso. Hospitali nilipokwenda, yule tabibu aliutazama uso wa kompyuta tangu naingia hadi natoka. Kama angenitazama mimi mara moja tu, sharubu sina, lakini mengine yote angeyaona.

Naomba dada huyo, akipata nafasi kati ya panya na panya, apite kwangu.

3. Kuhusu malazi. Panya wanabadilishiwa matandiko. Wanapewa karatasi laini wajijengee kiota, kwa sababu mmegundua panya asiye na kiota ananyong'onyea. Taa inawashwa na kuzimwa kwa saa, joto linapimwa, na kelele ni marufuku. Mimi chumba changu kimepakana na cha Mama Redio.

Na kuna hili la manukato, ambalo limegusa familia yangu moja kwa moja. Nasikia hairuhusiwi mtu kuingia kwa panya akiwa amejipulizia marashi, kwa kuwa harufu inawatia wasiwasi. Mkwe wangu alipokuja kutuomba binti hakuwa na hata tone. Mashangazi wakanong'onezana, "Huyu ndiyo mchumba au ni fundi wa bomba?" Karibu tumkatae. Kumbe kesho yake alikuwa na zamu, na hakutaka kuwaudhi panya! Yaani ukwe wangu nao nusura uharibike kwa ajili yao. Sisemi kwamba ni kosa lao. Nasema liandikwe.

4. Kuhusu maji. Hapa Daktari naomba uvute kiti, kwa sababu ni suala la dhamira.

Nimeambiwa kwamba nusu ya panya hawakupata dawa. Walichomwa maji ya chumvi tu, kwa sindano ileile, kwa heshima ileile. Anayechoma hajui amechoma nini, na anayesoma uso hajui anausoma uso wa nani. Kuna mtu mmoja tu anayejua, naye hasemi mpaka mwisho. Mimi kama mcha Mungu nilishtuka. Nikamuuliza mkwe, "Huo si uongo?" Akasema, "Hapana Mama, ndivyo inavyojulikana kama dawa ni dawa kweli, au ni matumaini yetu tu."

Nikawaza. Halafu nikaona wivu. Kwa maana mimi nimekuwa panya wa maji tangu zamani, tena bila matandiko. Nimefungwa majani. Nimekunywa mizizi iliyonifanya nikae chooni siku nzima, na huko nako kuna kuchuchumaa. Nimejipaka mafuta ya yule bwana wa kipaza sauti anayepita sokoni, anayesema yanaponya magoti, mgongo, na ndoa. Ngozi ilibabuka kama viazi vilivyopita moto, na ndoa ikabaki palepale ilipokuwa. Mafuta yale hayakujaribiwa kwa panya yeyote, Daktari. Walianza moja kwa moja na mimi.

5. Kuhusu sungura sina mengi. Magoti anayo na anayatumia. Ila anaruka tu, hana nadhiri.

6. Kuhusu kondoo, na hapa ndipo penyewe. Nilimuuliza mkwe, kwa nini kondoo? Kwa nini si mbuzi, si bata? Akanieleza kwamba goti la kondoo linakaribia la binadamu kwa ukubwa na kwa jinsi linavyobeba uzito, kwa hiyo likipona la kondoo tunapata picha ya la mtu.

Daktari, mimi sikusoma, lakini nguo nakata. Nikitaka kujua kama gauni litamkaa mama fulani, simvishi dada yake. Namwita yeye mwenyewe. Kama mnatafuta goti linalofanana na la binadamu kuliko la kondoo, nimelitafuta kwa niaba yenu na nimelipata. Liko hapa chini ya sketi yangu, na mwenzake yuko pembeni.

Kwa hiyo, baada ya kuomba na kufunga chakula cha mchana, nakuletea ombi langu rasmi. Kama zamu ya watu haijafika, na ya kondoo imefika, basi naomba niandikishwe kama kondoo. Sifa zangu ni hizi:

(a) Uzito ninao. Nawazidi kidogo, lakini kilichozidi kinaweza kusimama pembeni kikisubiri.

(b) Majani nakula, ya aina zote, na sichagui.

(c) Nikichomwa sindano nitanyamaza. Mzee wangu anasema hilo likitokea, liandikwe kwenye gazeti kabla ya dawa yenyewe.

(d) Mchungaji ananiita kondoo kila Jumapili, kwa kipaza sauti, mbele ya mashahidi. Sijawahi kupinga, na hakuna aliyewahi kunipinga.

(e) Kondoo wenu wakiulizwa panapouma wanasema "mee". Mimi nitaonyesha kwa kidole, nitaeleza goti lilianza kuuma lini, na litazidi saa ngapi, na mvua itanyesha lini. Mtapata zaidi ya mlichouliza.

Nimesikia pia kwamba kabla mnyama yeyote hajaguswa, inaketi kamati. Watu wazima wanakaa mezani kuuliza: je, ni lazima? Je, wanaweza kuwa wachache kuliko hapo? Je, wataumia, na wakiumia tutafanya nini? Kwa magoti yangu mimi haijawahi kuketi kamati yoyote, isipokuwa ya Mama Redio, nayo ilimaliza kikao bila mimi kusikilizwa. Ningependa kabla sijafa nikaliwe kikao hata mara moja. Hata wakikataa, nitakuwa nimejadiliwa.

Mkwe nilimdokeza jambo hili kwa mbali. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, haiwezekani. Kamati ya wanyama haina mamlaka juu ya mama mkwe."

Mzee wangu akadakia kutoka chumbani, "Hata mimi sina!"

Wakacheka wote wawili, na binti yangu akaungana nao, na mtoto akaamka. Lakini mimi sikuwa natania, na sitanii. Siku ya shukrani inakuja. Watu wote waliosikia nadhiri yangu watakuwepo, na macho yao yote yatakuwa kwenye kiti cha plastiki. Mtoto huyu nilimwomba kwa Mungu kwa jina la magoti yangu. Siwezi kumpeleka mbele zake nikiwa nimekaa kama niliyekuja kusubiri gari.

Nikikosa jibu, Daktari, sitafanya fujo. Nitakuja na kiti changu, nikikalie getini kwenu kwa amani. Na nikija, kikundi cha akina mama wa kanisa kitanisindikiza. Hao wakianza kuimba hawajui kuacha. Nina ushahidi.

Nafunga kwa kuwasalimu wote. Nisalimie mlinzi wa getini. Nisalimie dada msoma nyuso, mwambie Mungu amtunzie macho. Wasalimie panya waliopata dawa, na zaidi sana wale waliopata maji, mimi nawaelewa. Sungura nao. Kondoo uwaambie sina kinyongo, nilitaka tu kupita mbele yao kidogo, kama mtu mwenye mgonjwa. Na wewe mwenyewe, pamoja na familia yako na magoti yao, Bwana awakunje na kuwakunjua salama.

Ni mimi, mwenye foleni,

Mama mkwe wa mtunza wanyama wako.

Nyongeza: Daktari, bahasha nilikuwa nimeshailamba. Mkwe ameingia sasa hivi kutoka kazini, viatu vya mpira bado viko miguuni. Akasema, "Mama, kondoo wamepona magoti! Wanaruka uzio!" Nikapiga vigelegele. Akasema, "Ngoja kwanza, Mama." Nikangoja. Akasema sufu yote imeanguka. Si ya magotini, ya mwili mzima, mpaka kwenye nyusi, na sasa mmewavalisha mablanketi, wanatazamana kama wageni. Na walionyonyoka hivyo ni waliopata dawa tu. Wa maji wamebaki na sufu zao, kwa hiyo yule mmoja aliyekuwa anajua peke yake hana siri tena, hata mlinzi anajua.

Nilipapasa chini ya kilemba changu. Nywele zangu, Daktari, zinafika mabegani. Ndizo fahari pekee niliyomwomba Mungu anivumilie. Mzee wangu akajipangusa kipara akasema, "Nipelekeni mimi, sina cha kupoteza."

Basi naondoa malalamiko yangu yote, tangu la kwanza hadi la sita, na sifa zangu zote za ukondoo. Kondoo watangulie. Baada ya kondoo, mkiona vema, wekeni ng'ombe. Baada ya ng'ombe wekeni ngamia, ambaye kupiga magoti ndiyo kazi yake na ana haki kuliko sisi sote. Msikimbilie kwa watu. Kamati ikae, ikae tena, na mimi isinijadili.

Ila nikuambie lililotokea. Nilipowafikiria wale viumbe, uchi kwenye baridi, na kwamba ilikuwa bado kidogo niwe mimi, nilijikuta niko chini kwenye sakafu ya jikoni nashukuru, magoti yote mawili. Sikukumbuka kwamba hayakunjiki. Nilipomaliza, mkwe alishika mkono mmoja, binti mkono mwingine, mzee akasukuma nyuma, nikasimama. Hakuna aliyekufa kwa aibu, hata mimi. Nimeirudia nadhiri yangu neno kwa neno, na nimeona kwamba niliahidi kupiga magoti tu. Kuinuka mwenyewe sikuahidi popote. Kwa hiyo siku ya mtoto nitashuka mbele ya kanisa zima, mkwe na binti wakiwa kushoto na kulia, na Mama Redio nitamwomba akae mstari wa mbele, asipate habari kwa kusimuliwa.

Tatizo limebaki moja. Nikiwa pale chini jikoni, mdomo uliniponyoka. Nimeweka nadhiri nyingine, kwamba siku kondoo wote watakapoota sufu upya, nitapiga magoti tena. Kwa hiyo nakuomba sana, Daktari: watunzeni, walisheni, wafunikeni vizuri, lakini msiwaharakishe.